Hewa Moto

Kijana wa kwanza alikuja Januari, viatu vyeupe, theluji ya Rochdale nyeusi,
akabandika mbweha kwenye kioo cha duka langu la kufulia.
Pokea Mbweha, mpenzi (huku kila mtu ni mpenzi),
haiyumbi, imefungwa kwenye pauni.
Wa pili akaja na Taji: haina makato.
Wa tatu, Jumanne ya mvua, alibandua sikio la mbweha kwa ukucha
akidhani sioni, akabandika nyuki wake palepale.
Ukipokea Nyuki unarudishiwa mbili kwa mia;
ukimleta jirani, tano.
Jirani yangu anauza majeneza.

Kinyozi Zulfiqar akachukua Taji. Mwenye chipsi, Nyuki.
Vita vya panzi, nikasema,
nikakaa kumngoja kunguru.

Machi, usiku wa Alhamisi, Mbweha ikaanguka.
Kulipokucha, Mbweha mia hazikununua kiberiti.
Doreen Ogden, wa shuka za hoteli, alikaa mbele ya mashine namba nne,
simu imelala kifudifudi pajani.
Sikumuuliza ni ngapi.
Msiba huo hauna matanga.

Wa Nyuki akarudi, mchangamfu kama mrithi.
Tumebaki wawili, mpenzi.
Akaegemea kikaushio, akaokota tokeni:
shaba, tundu katikati, herufi H
ya marehemu Hargreaves aliyeniuzia duka.
Zipo ngapi mtaani?
Sijui. Watoto wamezimeza.
Moja ilikutwa kwenye sadaka ya Wamethodisti.
Nani anazidhamini?
Boila.
Akacheka. Hiyo si fedha, hiyo ni hewa.
Hewa moto, nikamwambia.

Alipoondoka nilimkwangua mbweha kwa wembe na maji ya sabuni.
Mkia ulikataa. Upo mpaka leo.

Sikumwambia yaliyobaki:
kwamba tokeni ya Hargreaves ilinunua dakika ishirini,
kwamba bili ya gesi ilipokuja nilifunga mlango,
nikashika bisibisi, nikafungua kifuniko cha saa,
nikarudisha mshale hadi kumi na tano.
Mwaka huu, kumi na mbili.
Shaba ileile, tundu lilelile.
Hakuna aliyepiga kelele.
Ila Doreen, juzi, alitoa foronya yenye unyevu kwenye pindo,
akaishika shavuni kitambo,
akanitazama,
kisha akatia tokeni nyingine.