Bata Bukini Hayumo

Walilibandika usiku, ukutani kwa kituo cha treni,
bango refu kuliko mlango wa kanisa.
Asubuhi nakwenda kununua hamira, nikaliona:
watu wametanda juu ya tuta la mto,
mafurushi mgongoni, nyuso zimefifishwa makusudi,
na chini, kwa herufi nyekundu, neno moja tu:
WANAKUJA.

Nikavaa miwani.
Nikavua, nikaifuta kwa ncha ya kitambaa, nikavaa tena.
Tuta lile nalijua.
Mti ule uliopasuliwa na radi naujua.
Na mtoto yule, wa tatu kutoka kushoto,
aliyevaa koti la kaka yake, mikono ikimburuza,
ni mimi.

Mwaka wa mafuriko. Nilikuwa na miaka tisa,
na mto wenyewe jina lake Tisa.
Uliingia jikoni bila hodi,
ukabeba mabakuli, ukabeba kitanda cha bibi,
ukaacha saa ya ukutani ikipiga kengele juu ya maji.
Tulitembea kilomita saba hadi kijiji cha pili.
Huko watu wasiotujua walitufungulia mazizi yao
wakatupikia supu ya kabichi, chumvi imezidi.
Mpiga picha alishuka kwenye lori la jeshi,
akatupiga, akanipa peremende.
Kwapani nilimbana bata bukini wetu, Matild,
naye akanidonoa njia nzima.

Bangoni, Matild hayumo.
Wamemkata. Mkasi umepita penye bawa
ukaniachia mkono uliopinda, unakumbatia hewa,
mkono ambao, ukiutupia jicho ukiwa mbioni,
unaonekana umeficha kitu.

Nikamwambia Vendel, muoka mikate.
Akasema, macho yamechoka, Bi Piroska,
watu kwa mbali wote hufanana.
Nikamwambia kijana aliyekuwa akigawa karatasi, viatu vinang'aa.
Akatabasamu kwa adabu:
sisi hatukumtaja mtu, bibi,
tumesema tu kwamba wanakuja.

Kweli. Neno lilikuwa tupu kama msumari ukutani,
na kila mtu akaja kutundika lake:
Vendel akatundika deni la tanuri,
mwalimu, binti yake aliyehamia ng'ambo asiandike tena,
na wodi ya uzazi iliyofungwa majira ya baridi,
ambayo tuliisemea mkutano hadi mkutano,
ikafunikwa na makoti ya wengine.
Hakuna aliyeiuliza tena.

Jumapili nikamshika mkono kaka yangu Dezső,
nikampeleka hadi kituoni, nikamwonyesha kwa fimbo:
huyo mbele yangu, mwenye ndoo kichwani, ni wewe.
Alitazama muda mrefu. Treni ikapita, haikusimama.
Akasema, huenda.
Lakini hata kama picha si yao,
mambo yao ndiyo hayo.
Na wahenga walisema, dada, lisemwalo lipo,
na kama halipo...
Akaniachia nimalizie.
Sikumalizia. Lilijimalizia lenyewe kichwani mwangu,
kwa herufi nyekundu.

Walishinda. Kwetu sisi walishinda kuliko popote wilayani,
sisi ambao mwaka mzima hatukufikiwa na mgeni
ila fundi wa kinanda cha kanisa,
naye alilala usiku mmoja, akalalamikia godoro.

Mvua imelibandua bango upande mmoja.
Kichwa cha Dezső kimening'inia,
mimi bado nipo, na mkono wangu.

Sasa niseme na hili, maana bila hili nami nitakuwa nimekata picha:
wiki ile ile, dukani, baada ya hamira,
nilinunua komeo la pili.
Usiku huamka kulishika.
Nje ni upepo tu, na tuta.
Namjua aliye bangoni, najua jina lake,
najua kidonda alichodonolewa chini ya kwapa,
na bado nalisukuma komeo
hadi mwisho.