Pipa la Mwezi wa Saba

Bomba letu la Katuba huamka saa nane za usiku.
Hukohoa kwanza, likatema kutu,
ndipo likumbuke kazi yake.
Hunikuta macho. Vidole vimeniamsha tangu saa saba,
vidole hivi vilivyoshona sare za shule mbili
na suti ya bwana harusi mmoja aliyekataa kulipa,
sasa vinashindwa na kifuniko cha chumvi.

Nabeba ndoo kwa kiwiko.
Ya kwanza, ya pili, ya tisa.
Pipa la buluu, limekatwa nusu, la soko la Kenya;
muuzaji aliapa halijawahi kubeba kitu kibaya.
Linanuka mawese mpaka leo. Nimemsamehe.
Nilinunua la kwangu kwa sababu ya mama mkwe:
"Maji ya sahani, wewe unayakalia?"

Naliacha nje. Mwezi wa saba ndio fundi:
upepo unatoka kusini,
unapita juu ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
unakesha juu ya maji
hadi yawe makali kama mkasi mpya.

Daktari Mukalay alichora duara nyuma ya karatasi ya dawa.
"Hii ni nyumba. Hawa ni walinzi.
Walinzi wamesahau sura ya mwenye nyumba."
Nikacheka. Daktari, mimi mtoto wa Lubumbashi.
Sentineli anayebeba shaba usiku
kwa mlango ule ule alioulinda mchana
nilimjua kabla sijajua kusoma.
Na maji ya baridi? Akavua miwani.
"Hayaponyi. Wako wanaosema yanawapumzisha.
Vidonge usiache. Moyo tumeupima, uko sawa.
Dakika mbili, na mtu awe karibu."

Mtu wa karibu ni Tshibola, binti yangu, miaka kumi na mmoja,
blanketi mabegani, anahesabu kwa Kifaransa
kwa sababu, anasema, Kifaransa kina baridi zaidi.

Naingia.
Lo!
Hakuna sala, hakuna jina la mtu.
Pumzi inakimbia kama kuku aliyeona kisu.
Naiita kwa puani, polepole,
njoo, njoo,
inafika mlangoni, haiingii,
inaingia.

Juu ya ukuta, kichwa cha Mama Numbi na mswaki mdomoni.
Juzi alisema nimehama kanisa, jana nilikuwa mchawi.
Leo anatazama tu.

Si viungo peke yake.
Kuna kitu kingine, huku tunakiita mawazo,
kana kwamba ni mtu anafikiri sana
na si mtu anazama pakavu.
Mwaka mzima nililala nikitazama bati,
nikahesabu misumari: mia moja arobaini na miwili.
Mume akaleta mchungaji. Mchungaji akaleta mafuta.
Cherehani ikavaa vumbi kama mfiwa.
Mawazo hayana mlango, kwa hiyo hujui ufunge wapi.

Ila ndani ya pipa hayapati pa kukaa.
Kwa dakika mbili mimi ni shingo, ni meno,
ni sauti ya Tshibola ikikwama kwenye sabini,
pale pale anapokwama kila siku.
Sina jana. Sina deni la shule.
Ngozi inanitaja jina kwa sauti kubwa.

Natoka natetemeka kama sindano kwenye jinzi.
Mbabula inangoja, makala mawili matatu, chai ya tangawizi.
Vidole? Siku nyingine vinakunjika. Leo hapana.
Jumanne kile cha kati kilipitisha uzi tunduni
nami sikumwambia mtu,
niliogopa kukishtua.

Maji hayo hayamwagwi bure. Tunaoshea baraza;
Tshibola anapiga deki, anasema saruji nayo inatetemeka.
Mwezi wa tisa joto litarudi, pipa litakuwa mchuzi,
na sijui nitafanyaje mwezi wa tisa.

Nikiwa naanika kitambaa, Mama Numbi ametema povu,
amechungulia tena, kwa upole usio wake,
akauliza pipa lile niliuziwa bei gani.