Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mimi ndiye niliyeshika kalamu nene
siku mbili, hoteli ya Nyali, ukumbi wa pili kulia.
Baridi ya mtambo ilinifanya nijifunike leso ya mama,
na kifuani kadi imening'inia: KIJANA.
Jina langu, Kibibi Mwamtoa, halikupata nafasi.

Tulitia saini mara tatu:
ya nauli, ya chai, ya kuwapo.
Kisha picha mbele ya bango,
sisi mstari wa mbele, tumechuchumaa,
wao wamesimama nyuma yetu
kama wenye shamba wanaopima mavuno.

Akainuka Umazi wa Kwa Bulo:
"Mtaro umeziba tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Ikinyesha, maji ya choo hulala nasi.
Nyanya yangu ameupandisha Msahafu juu ya kabati."
Mwezeshaji akanigeukia, mpole kama daktari wa meno:
"Andika: changamoto za miundombinu."
Nikaandika.

Tsuma wa Mtongwe akasema kivuko kilikwama
na mtihani haukumngoja;
karatasi ya pili ya hesabu
aliifanya kichwani, akiwa juu ya maji.
"Andika: upatikanaji wa elimu."
Nikaandika.

Mbwarali wa Mishomoroni hakusema neno.
Alikuwa akizihesabu sambusa, akizigawa kimoyomoyo
kwa wadogo zake wanne.
"Andika: ushiriki hafifu."
Hata hilo nikaliandika,
kwa hati nzuri, Mungu anisamehe.

Asiyekuwapo na lake halipo,
ndivyo tulivyofunzwa.
Basi mbona sisi tulikuwapo
na letu halikuwapo?

Adhuhuri, wengine wakienda kuswali,
nikatumwa kutoa nakala.
Mashine ya hoteli ni nzito, hukohoa kabla ya kutema.
Ukatoka ukurasa wa kumi na tisa:
*Vijana wa Mombasa walisema kwamba…*
Tarehe ya juu yake ni ya mwezi uliopita.
Yaani tulisema kabla hatujafika.
Tulikubali tukiwa bado tumelala majumbani mwetu.
Na chini, jedwali: tiketi za wataalamu, ukumbi, bango,
hata maua ya meza yana mstari wake.
Mtaro: *itaamuliwa baadaye*.

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kelele.
Nilirudi, nikageuza karatasi ya ubaoni,
nikaandika upya, polepole, kalamu ikilia:
NYANYA YAKE UMAZI AMEUPANDISHA MSAHAFU JUU YA KABATI.
Kisha nikausoma ukurasa wa kumi na tisa,
mpaka kwenye maua.

Ukumbi ulinyamaza, ukasikika mtambo wa baridi peke yake.
Mwezeshaji akanyoosha mkono: "Nipe kalamu."
Nikamuuliza, "Ipi? Hii, au ile iliyoandika mwezi uliopita?"
Mbwarali akacheka. Ndiyo sauti yake ya kwanza siku mbili,
na hakuna aliyeniambia niiandike.

Mama wa shirika, Bi. Hannelore, mweupe wa nywele,
aliomba atafsiriwe ubao.
Umazi akamtafsiria mwenyewe, neno kwa neno,
kabati likabaki kabati.

Sitawadanganya kwamba dunia ilipinduka.
Mwenye kisu bado ni mwenye kisu.
Ila kikao kilichofuata kilikuwa Kwa Bulo, kwenye chuo cha Kurani,
wageni wamevua viatu, wamekaa mkekani,
wakatia saini kwenye daftari letu,
na Tsuma, anayejua hesabu za majini,
ndiye aliyeshika jedwali na kuuliza kila shilingi inakokwenda.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Safari hii mwenyeji aliiandika dawa mwenyewe.
Maua tuliyafuta kwa kauli moja.

Mtaro umezibuliwa nusu, hadi kwenye duka la mkaa.
Nusu ya pili tunaipigania; barua tatu, majibu mawili.
Nyanya yake Umazi hajaushusha Msahafu.
"Maneno yenu nimeyasikia," asema.
"Nangoja mvua ya masika nayo iseme yake."