Harufu Bandani

Mei, Minesota. Theluji imeondoka, nyasi zimeota kiburi.
Ardis Tvedt amefungua banda
akapokewa na petroli puani.

Doa tu, upana wa kisahani, chini ya mashine ya kukatia nyasi
ambayo Lorens aliipanda kama farasi kila Jumamosi.

"Kabureta hiyo," jirani alisema ng'ambo ya ua, bila kuinama.

Ardis aliinama.
Akafuta kila kitu kikauke, akatandika kadibodi,
akanyunyiza poda, ile ya Lorens, ya shingoni,
bado nusu kopo,
juu ya mpira, juu ya chujio,
juu ya kibanio alichokikaza marehemu.
Akangoja, tochi mkononi.

Kesi alikuwa nayo tayari moyoni:
hakukaza vizuri, hakuwahi kukaza vizuri,
bomba la jikoni ni shahidi.

Poda ikalowa. Si kwenye kibanio.
Vidole viwili juu yake: alama za meno,
na nyuma ya tangi kiota cha panya,
nyuzi za sweta ya kijani
aliyoitafuta tangu mazishi.

Akachomoa mpira uliotafunwa, akasukumiza mpya,
akarudisha kibanio kilekile.
Kilikuwa kizima.
Akakiomba radhi kwa sauti ya chini,
ndipo akapiga stata.