Kipimo cha Kelele

Kazi yangu ni kuwapa misukule masikio.
Wenzangu ofisini huwapa nyama, mwendo, meno;
mimi nawapa namba.
Kufungua mlango: kumi na mbili.
Kioo kikivunjika: thelathini na tano.
Risasi: mia na themanini, mtaa mzima unageuza shingo.
Hatua ya aliyechuchumaa ni mbili,
ila akikanyaga vigae, nne,
na nne, kwenye ngazi za ghorofa tupu, inatosha kumzika mtu.

Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa.
Haya yangu husikia hata sindano.

Mji wetu wa uongo naujua kuliko mfuko wangu.
Mkoba hubeba kilo kumi na tisa;
ongeza mkebe mmoja wa maharage
na pumzi itakukatikia kabla ya paa.
Shoka hudumu vichwa arobaini, kisha mpini unapasuka
siku ileile unapouhitaji. Wachezaji huapa tumepanga.
Hatukupanga.
Njaa hupanda taratibu, kama deni.
Kiu haina adabu.
Na jua likizama, waliokuwa wakikokota miguu
hukumbuka kukimbia.

Baba yangu, Vendelín, alipika matairi miaka thelathini na mmoja
kando ya mashine zilizomlipa kila mwezi
na kumkata masikio kidogo kidogo, kama kodi.
Sasa anakaa ghorofa ya nane, Petržalka,
na huweka sufuria kama mtu anayeangusha sufuria.
Bi Hedviga wa nyumba ya pili hugonga ukuta kwa ufagio.
Baba huendelea kukoroga.
Kifaa chake cha kusikilizia kimelala kwenye mtoto wa meza
pamoja na ufunguo wa baiskeli iliyoibwa.

Jumapili moja, baada ya supu, akasema:
Nionyeshe hicho unachouza.
Akafa mara saba.
Alivunja madirisha kwa utulivu wa fundi,
akakimbia juu ya mabati,
akafyatua bunduki dukani apate tu kufungua kufuli.
Mara ya saba akanigeukia:
Wamenionaje? Nilikuwa gizani.

Hawakukuona, nikamwandikia kwenye bahasha ya bili ya umeme.
Wamekusikia.

Akaisoma. Akaisoma tena.
Kumbe hata huko, akasema.

Jumatatu sikurudi nyumbani.
Nilichora pete ya mwanga miguuni pa mchezaji:
ukinyata, inabana kama sarafu;
ukikimbia, inatanuka hadi ng'ambo ya barabara,
na kila msukule inayemgusa, huyo ameshakusikia.
Oskár akasema itaua hofu.
Tulibishana wiki tatu, kahawa ikapoa, ikachemshwa, ikapoa.
Mwishowe wakaizika kwenye mipangilio, ukurasa wa tatu,
chini ya mwangaza wa skrini,
imezimwa, mpaka mtu aitafute.

Baba aliitafuta.

Nilimkuta usiku ndani ya duka la dawa,
akipita nyuma ya muuguzi mfu aliyesinzia kwa kusimama.
Pete yake ilikuwa ndogo kama kitufe cha shati.
Kidole chake kilitetemeka, pete haikutetemeka.
Alichukua bandeji mbili, akaacha ya tatu kwa sababu ya uzito,
akatoka kinyumenyume hadi mvuani
(mvua hufunika hatua, hilo hakuna aliyemfundisha)
na ndipo akavuta pumzi, yake mwenyewe, ndefu.

Kisha akainuka kwenda kuchemsha chai.
Nikamwona anasita katikati ya jikoni,
ametazama sakafu kuzunguka ndala zake,
anatafuta kitu.
Akaufunga mlango wa kabati kwa mikono miwili,
polepole, kama anayemlaza mtoto.
Huo, akauliza, ulikuwa ngapi?

Nikanyoosha vidole viwili.

Ulikuwa kumi na mbili.
Ukutani, Bi Hedviga alikuwa ameshaanza.