Kibali Hakichanwi

Saa nne usiku, maabara moja Mulago.
Kyomuhendo amezima taa apate kuona:
seli zimetawanyika kwenye kioo,
na ndani ya kila moja kiini kinang'aa kijani.

Protini yake imefika.
Mkiani ilibeba herufi saba tu,
lisini, lisini, lisini, arginini, na wenzao;
mpokezi akazisoma, akaishika mkono,
akaivusha mlangoni bila kuuliza ukoo.

Jana alibadilisha moja. Lisini moja!
Kijani kikazagaa nje ya ukuta
kama lori la Malaba lililokosa muhuri,
dereva akipika chai chini ya tela, siku ya tatu.

Baba yake alikuwa wakala pale mpakani.
Angeuliza: mzigo ukishapita, kibali huchanwa?

Hapana, Baba. Hiki hakichanwi.
Seli ikigawanyika, ukuta wa kiini huvunjwa,
wote hujikuta nje, wenyeji kama wageni.
Ukuta ukisimama tena
hurudi na karatasi ileile.

Umeme umekatika.
Kijani kimebaki kidogo machoni pake.