Chumba cha Giza, Upanga

Ilikaa siku tatu uwanja wa ndege
ndani ya boksi jeupe, barafu kavu ikipungua kimyakimya,
na karani wa forodha, kalamu sikioni, akaniuliza:
"Humu mna nini?"
Kingamwili, nikasema.
"Ya mtu?"
Ya panya.
Akaitazama ankara, akanitazama mimi,
akagonga muhuri kwa huruma.

Tone lenyewe halilowanishi ukucha.
Limelala chini ya kichupa
nami nimekiviringishia karatasi ya fedha,
ile ile ya kufungia chipsi pale Magomeni,
maana hii iliyobebeshwa taa
haivumilii mwanga.
Jua la Dar likiipata robo saa tu
inachujuka kama khanga ya mwaka juzi.
Kwa hiyo nafunga mlango, nazima taa,
napapasa kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe.

Umbo lake ni panda ya manati,
na mguuni wameininginizia kijani.
Haina salamu kwa kila mtu.
Inapita katikati ya protini elfu
kama mweka hazina wa kikoba apitavyo Kariakoo Jumamosi,
samahani, nipishe, samahani,
mpaka amkute yule mmoja,
amkamate ukosi,
asimwachie.

Anayetafutwa ni himoglobini ya kitoto,
ile tuliyotoka nayo sote tumboni,
ambayo hata kutembea hatujajua
mwili huiacha idondoke kama kitovu kilichokauka.
Wapo ambao damu yao haikusahau yote.
Kwa mwenye selimundu
kule kusahau ndiko kunakonoa mundu.

Sampuli ishirini na mbili. Namba tu, ndiyo sheria.
Lakini nesi wa zamu ya usiku alichoka
na juu ya mrija wa kumi na saba akaandika kwa wino wa bluu:
Havijawa, miaka tisa, Mbagala.
Nikafuta kwa spiriti.
Wino ukatoka.

Saa nane na dakika kumi umeme ukakatika.
Jokofu likanyamaza. Jenereta likakohoa mara mbili, likagoma.
Nikaketi, giza juu ya giza,
nikihesabu barafu iliyobaki kwa vidole.
Mlinzi Mwasongwe akagonga:
"Dokta, uko hai? Nikuletee tochi?"
Usiwashe! nikapiga kelele, usithubutu!
(Wala mimi si dokta.)
Nikamsikia akirudi nyuma taratibu,
kama aliyekuta watu wanaoga.

Umeme uliporudi niliinamia hadubini.
Januari, kabla ya vidonge,
katika kila seli mia za namba kumi na saba
tatu ndizo zilizowaka.
Leo nimehesabu mara mbili, kisha mara ya tatu,
kwa sababu sijiamini nikiwa na njaa:
kumi na tisa.
Kumi na tisa, kijani cha ndimu changa,
zimetawanyika kwenye weusi,
kila moja ikikumbuka peke yake.

Mahali fulani Mbagala wanamkataza kukimbia,
na pengine anakimbia.
Nimeandika 19 daftarini, nikapigia mstari,
nikaona mstari haufai kwenye takwimu,
nikauacha.
Kichupa nimekirudisha kwenye karatasi yake.
Nikafungua mlango, na jua lote la Upanga
likanivamia usoni,
nikasimama pale nimefumba macho,
Mwasongwe akiniuliza
kama nimeshakula.